Migomba Miwili ya Alhamisi

Alifika Marikiti Jumatatu, kiatu kimoja mkononi,
kingine kimemezwa na tope karibu na wauza viazi,
na daftari la shule lenye picha ya tausi.
Nikamwonyesha mkungu. Hapana.
Nikamwonyesha mwingine, wa Nyamache, mnene. Hapana.
Akainua mkono juu ya kichwa chake, akaushusha hadi chini:
alitaka mgomba. Mzima.
Gogo na majani na mkungu wake na ua likining'inia,
miwili, kimo kimoja, ifungwe mlangoni
pa ukumbi wa kukodi, Parklands.

"Mimi Moraa," nikamwambia bintiye, Yazhini,
aliyekuwa akitafsiri huku sikio moja liko kwenye simu ya kazini,
"nimeuza ndizi miaka ishirini na mitatu.
Sijawahi kuuza mlango."

Binti akacheka. Mama, Kamakshi, hakucheka.
Kwao Madurai, alisema, mtu hahesabu vitu hivi,
vinakuja vyenyewe, mjomba na kamba, jirani na sufuria.
Hapa kila kitu kina namba ya simu.

Asumini, dhiraa arobaini. Mama, nikamwambia,
Nairobi waridi limejaa kama kabeji,
lakini asumini waulize wafunga vikuba wa Mombasa,
ipande basi la usiku ingali imefumba.
Majani ya kulia, mia tatu na hamsini, yasiwe na mchaniko.
Hayo ninayo.
Mpiga zumari wao kanyimwa viza; atalia ndani ya simu.

"Saa ngapi?"
"Sita na dakika arobaini."
"Mchana?"
"Alfajiri!"
Tukahesabu vidole, yeye akianzia usiku wa manane,
mimi nikianzia jua,
mpaka tukakutana kwenye kumi na mbili na arobaini.
Kuhani wao alikwisha kuzipigia nyota hesabu upya:
jua la huku halichomozi kwa amri ya Madurai.

Migomba ilikatwa Jumatano magharibi,
ikasafiri usiku kucha ndani ya magunia yaliyoloweshwa,
nikaipokea saa tisa, baridi ya Julai ikiuma masikio.
Mmoja umepungua shubiri.
Kamakshi aliuona kabla sijaushusha.
Akaenda mwenyewe, hariri na yote, akaleta tofali.

Mlinzi, Ekidor, akautazama ule mlango wetu wa kijani
umesimama juu ya kokoto, akajikohoza.
"Mgomba changaraweni haupandwi ukamea."
Kamakshi akaniuliza kwa macho. Binti yuko ndani, anasukwa.
Nikajifanya nafunga kamba.

Akapiga magoti, akadondosha unga wa mchele kati ya vidole,
nukta, nukta, kisha mstari unaozizunguka nukta bila kuzigusa,
juu ya lami, katikati ya alama za kuegesha magari,
mpaka ukaimeza nafasi ya meneja.
Aliposimama, utomvu ulikuwa umemdondokea begani.
Hilo halikuhitaji mkalimani:
doa la mgomba halitoki.
Akalikunja ndani ya pindo, akaingia kumwoza mwanawe.
Nikabaki nje na Ekidor. Simu ikapiga zumari.
Kwa muda ule hata yeye hakuwa na methali.

Jumamosi alirudi, safari hii na viatu vya mpira.
Ndege yake kesho. Binti hakuja.
Daftari, ukurasa mpya, kachora kwa kalamu:
ndoo, na ndani yake mgomba mfupi wa majani mawili,
nyuma yake ghorofa, dirisha la nne limetiwa alama.
Nikamchagulia chipukizi.
Nikamtajia bei. Sikumpunguzia.
Kisha nikaokota changarawe, konzi moja,
nikaitia chini kabisa ya ndoo, kabla ya udongo,
nikamwonyesha kwa kidole maji yatakapopitia.